Ukurasa wa Waya Mweusi

Johannesburg, Jumanne, Agosti 2006

Naandika leo kwa sababu nimependekeza kitabu kinachoweza kumuua mtu, na ni lazima nilikiri jambo hilo kwa mkono wangu mwenyewe.

Upepo umevuma tangu asubuhi hapa Troyeville. Vumbi la njano la machimbo limepenya hata madirisha niliyoyafunga.

Mwezi uliopita Mama Furaha, kiongozi wa kwaya ya Wakongo wanaosali Doornfontein, aliniomba nimchagulie kitabu cha kuanzia. Wanakwaya wake sita wamechoka kuazima kinanda. Wanataka kujifunza kubuni saketi za sinthesaiza yao wenyewe, kinanda cha umeme kinachounda sauti zake. Mimi nina shahada ya fizikia. Nilijiona nimeitwa mahali panaponistahili.

Nililinganisha vitabu vitatu. Cha kwanza kilijaa milinganyo, nikakipenda kwa sababu kilinifanya nijione hodari. Cha pili kilikuwa kikavu, sura nzima za usalama kabla ya mlio wa kwanza, nikakiweka kando. Cha tatu kilitoka Marekani na kina picha za rangi: saketi ya kuzalisha mawimbi, ya kuchuja sauti, ya kuifanya sauti ififie polepole kama ya kengele. Nikakichagua hicho. Nikamwandikia Mama Furaha barua ya kurasa mbili kukisifu, nikataja shahada yangu chini ya saini, na nakala nikaiambatanisha na maombi yangu ya kazi katika karakana ya vyombo vya sauti huko Randburg.

Sura ya kwanza, ya kuchukua umeme ukutani, niliiruka. Niliiona ya watoto, nikamwachia Mama Furaha aifanyie wanakwaya fotokopi.

Leo mchana nilikipeleka kitabu kwa Papa Kalonji, fundi wa redio aliye jirani na kanisa. Nilitaka anisifu, huo ndio ukweli. Alikifungua kwenye sura ile ile, akaifuata picha kwa kidole.

"Mama, hii ukurasa weye uliijenga?"

"Niliijenga, Papa."

Akavua miwani. "Na nyaya za hapa, nyekundu na nyeusi?"

"Ndiyo, Papa."

"Basi mi nasema na mzimu."

Hakucheka. Akanionyesha kwa ncha ya bisibisi. Kwao Marekani waya mweusi ndio wenye moto, ndio unaoleta umeme, kwa hiyo kitabu kinaupitisha kwenye swichi na fyuzi. Katika nyaya kuukuu ambazo wanakwaya wamezikusanya hapa, moto uko kwenye mwekundu. Ukifuata picha, utazima swichi, taa yake ndogo itazimika, na ndani ya sanduku la sinthesaiza umeme utabaki ukingoja mkono.

"Kitabu haina kosa," akasema. "Iko ya kwao. Ni diploma yako ndiyo ilisahau kuuliza. Umeme haijue kusoma, mama."

Nilimpigia simu Mama Furaha papo hapo.

"Mwalimu wetu, masanduku mbili imeisha," akasema kabla sijafungua kinywa. "Inapendeza. Tunangoja Jumamosi, weye ndiyo utaziwasha."

Nikamwomba ahakikishe mtu yeyote asiyaguse. Alipouliza sababu, nilimwambia kuna jambo dogo la kurekebisha.

Jambo dogo.

Ilinichukua saa nzima kumpigia tena na kumweleza yote: kosa lenyewe, sura niliyoiruka, na kwamba sijawahi kujenga hata kipande kimoja cha nilichokisifu. Hakunikaripia. Alisema tu, "Fotokopi za ile ukurasa ziko kwa nyumba za watu sita."

Tumegawana majina. Watano wamepokea simu. Wa sita, Fiston, ndiye mwepesi kuliko wote, asiyependa kungoja wenzake. Simu yake inaita mpaka inakatika. Mama Furaha ameondoka kwenda kwake kwa miguu, nami nimeketi hapa na simu mezani, nikisikiliza mabati ya jirani yakigongana.

Barua ya pili ya Randburg, ya kuifuta ile ya kwanza, nimekwisha kuiandika. Ni fupi, na haitaji shahada.

Kitabu gani kitachukua nafasi ya hiki, sijui. Kuchagua sitachagua tena peke yangu. Papa Kalonji amekubali kuja na kipimo chake cha umeme, ayafungue masanduku yale mbele ya kila mmoja, nami nisimame pale niseme nilichofanya. Tunakutana wote, nasema wote sita, katika ukumbi wa kanisa, kesho Jumatano, saa kumi na moja jioni.