Mwaka Mzima Bila Fundi Evaristo na Darasa Lake la Jumamosi

Kabla ya adhana ya alfajiri tulizoea kusikia spana zikigongana ndani ya karai, ukizipanga kwa kazi ya siku. Sasa mwaka umetimia, Baba Justa, na karai limekaa kimya. Uliugua siku nne tu, ukatuacha.

Hapa Kiranjeranje watu walikujua kwa gereji yako ya kando ya barabara, lakini wewe ulipenda zaidi darasa la Jumamosi. Ulimwomba mkuu wa shule ya sekondari akupe wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, wajifunze magari kwa mikono yao. Siku ya kwanza hukuwaruhusu kuandika. Uliwafunga macho kwa kanga yangu, ukawapa nati, ukawauliza ni ya spana namba ngapi. Aliyekosea ulimcheka kidogo, kisha ukamkatia muhogo wako.

Msimu ule wa ufuta, Restuta wa kidato cha nne alibadilisha oili ya pikapu ya Mzee Abdurahmani, akasahau kukaza nati ya chini. Oili ikavuja yote njia ya Likawage, injini ikafa na magunia yakiwa juu. Mkuu wa shule akasema darasa lisimame mpaka mwenye gari aridhike.

Wako waliokushauri useme gari lilikuwa bovu tangu zamani. Hukukubali. Kwako aliyekosea alikwenda kusema mwenyewe, na mwalimu alikaa kando yake. Restuta akamwamkia mzee, akaeleza yote bila kulia. Mzee akakugeukia.

"Na wewe fundi, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nakula, mzee wangu. Sikuikagua kazi yake. Kosa la pili ni langu."

Mzee akaagiza mletewe maji ya kunywa. Magunia yake uliyapeleka mwenyewe kwa gari la kuazima. Jumamosi tano wanafunzi waliifungua injini ile uani kwake, nawe ukasimama mikono nyuma, hukugusa hata spana moja. Ilipowaka, mzee alikwenda shuleni kusema watoto waachwe wasome.

Ulipoondoka, Restuta alilichukua darasa. Yuko chuo cha ufundi Lindi, na Jumamosi huja. Lakini mmoja mmoja watu waliacha kuleta magari. Walisema fundi amekufa, wamebaki watoto. Miezi miwili hii ya mwisho wanafunzi walifika, wakafagia gereji, wakarudi makwao. Nilidhani kazi yako ndiyo imekwisha.

Unakumbukwa na mkeo Antonia, wanao Justa na Edwin, mkweo Helena, wajukuu Ignasi na Debora, ndugu zako wote wa Newala, na wanafunzi wako. Misa ya kukuombea itasomwa Jumapili. Siku zetu zote utakuwa nasi.

Na hili nimeliweka mwisho ili ulijue. Jumamosi iliyopita Mzee Abdurahmani alisimamisha pikapu mbele ya gereji, akampa Restuta ufunguo, akaketi kwenye benchi. Wanafunzi waliikagua asubuhi nzima.

"Haina ubovu wowote, babu," Restuta akamwambia.

"Najua," akasema. "Jumamosi ijayo mje tena nyumbani kwangu. Uani kumepooza bila nyinyi."