Mama na Mkwewe Kwenye Kochi Moja

Shoga, nipo jikoni nimejiziba mdomo, nakufa kwa kicheko!

Unajua mume wangu anavyolalamika kwamba gemu za siku hizi ni za kucheza mtandaoni na watu usiowajua, za wawili kwenye kochi moja zimeadimika? Leo kapata moja, ya ngumi. Mama yangu akasema, "Lete kontrola ya pili."

Mama yangu! Ambaye mkwewe hata machoni hamtazami!

Mchezo ukakolea, mume wangu akajisahau, akapiga ukelele: "Kufa, kibibi wee!"

KIBIBI! Kwa mama mkwe!

Katupa kontrola, kapiga magoti: "Mama, nisamehe."

Kumbe mama bado anabonyeza. Kamwangusha mpiganaji wa mkwewe kwenye skrini, ndipo akamgeukia: "Nimekusamehe, baba. Anzisha nyingine."