Monika Hatakuja Peke Yake

Ilembo, Mpanda
4 Machi 2024

Kwako dada Laurence,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Tuko wazima, ila shemeji yako Aloyce anakohoa kwa vumbi la mashine ya kukoboa. Nyie je, mgongo wako unaendeleaje? Simu yako haipatikani, ndiyo maana nimempa Celestin, dereva wa ile gari ya Noah, barua hii.

Jumamosi ya tarehe 16 Imma wetu anatimiza miaka saba. Sherehe ameishika mama mkwe. Keki kaagiza yeye, wageni kachagua yeye. Naomba umtume Monika. Monika peke yake, dada. Mama mkwe amesema kila nyumba mtoto mmoja. Watoto wa marehemu kaka, Sikujua na Arcade, utawaeleza taratibu, wataelewa.

Mdogo wako,
Goreth


Kasekese
7 Machi 2024

Goreth,

Tunashukuru tumeamka. Mgongo unauma na palizi inaendelea, vyote pamoja. Mpe Aloyce pole.

Monika hatakuja peke yake. Tangu tumzike kaka yetu Salvatori, watoto wake wanalala mkeka mmoja na Monika, wanakula sahani moja. Arcade ana miaka minne, hajui kama mimi ni shangazi yake, ananiita mama. Unataka nimwambie nini akimwona Monika anavalishwa gauni? Kwamba huyu anaye mama mdogo mjini, lakini wewe na dada yako hamna shangazi?

Wanakuja wote watatu. Mweleze mama mkwe wako, au nitakuja kumweleza mwenyewe.

Dada yako,
Laurence


Ilembo
12 Machi 2024

Dada,

Shikamoo. Huku hatujambo, kikohozi cha Aloyce kimepungua.

Nimemweleza. Amesema, "Nikiwafungulia mlango hao, kesho kambi nzima ya wakimbizi itahamia hapa." Aloyce alikuwepo, akainamia sahani yake. Nakuomba usiwatume hao wawili. Wakidhalilishwa mbele ya watu nitafanya nini mimi?

Mdogo wako,
Goreth


Ilembo
18 Machi 2024

Dada Laurence,

Habari za huko? Watoto walifika salama? Celestin aliniahidi kuwashusha mpaka mlangoni.

Uliwatuma. Nilipowaona wanashuka kwenye Noah nilikukasirikia sana, sikufichi. Sikujua, dada yake Arcade, alikuwa amevaa sare ya shule iliyopigwa pasi, amembeba Arcade mgongoni. Mama mkwe aliwakuta barazani. Akasema, "Aliyealikwa ni Monika. Nyie wengine nendeni jikoni nyuma, mtaletewa." Monika akamwambia, "Basi na mimi naenda jikoni." Wakaondoka wote.

Mimi nilikuwa hapo hapo, dada. Nikaendelea kupanga viti.

Baadaye akaja rafiki wa mama mkwe, wa kwayani. Tulimwalika mtoto wake mmoja, kaja nao wanne. Mama mkwe akacheka, akasema, "Karibuni, watoto ni baraka," akawatafutia viti yeye mwenyewe. Viti nilivyopanga mimi.

Nikabeba keki na mishumaa yake. Mama mkwe akaniuliza, "Unaipeleka wapi?"

"Jikoni. Wapo watoto wa kaka yangu."

"Ukitoka nayo usirudi nayo hapa."

"Sirudi nayo, mama," nikasema kwa sauti, wageni wote wakasikia.

Imma akanifuata mbio, na watoto wote wakamfuata Imma, hata wale wa kwaya. Tukakata keki juu ya ndoo iliyopinduliwa. Arcade alilala na krimu puani. Watu wazima walibaki sebuleni na soda zao.

Sasa wameitisha kikao cha familia. Wanataka niombe radhi.

Goreth


Kasekese
21 Machi 2024

Mdogo wangu,

Walifika salama. Binti yetu Sikujua anakisimulia kijiji kizima, kila siku keki inakuwa kubwa zaidi.

Kwenye kikao ongea taratibu, usimtukane mama wa mtu. Lakini radhi usiombe. Mimi na wewe tumezaliwa Katumba, humo humo kambini, hatukuingia nchi hii kwa kuruka ukuta wa mtu. Wakikufukuza, njoo. Chumba cha mahindi nitakifagia.

Dada yako,
Laurence


Ilembo
2 Aprili 2024

Dada,

Shikamoo, na pole kwa palizi. Afya yangu nzuri, usingizi ndio mchache.

Kikao kilikuwa jana. Nilisema, "Naomba radhi kwa kupaza sauti mbele ya wageni. Kwa kuwalisha watoto wa kaka yangu siombi." Baba mdogo wa Aloyce akaniambia nifikirie upya. Nikamwambia nimefikiria. Mama mkwe akasema hatakanyaga nyumba wanayoingia watoto hao, na asubuhi ya leo amepanda basi kwenda Sumbawanga kwa binti yake. Aloyce alimbebea begi mpaka stendi. Amerudi, hajaongea na mimi neno. Amekula, ametoka.

Sijui atakaa hivyo mpaka lini. Sitamfuata kumbembeleza.

Chumba cha mama mkwe kiko wazi na kitanda chake kikubwa. Shule zikifungwa Juni, nitumie wote watatu. Wasije kushinda siku moja. Wakae likizo nzima.

Shangazi yao,
Goreth