Samweli wa Bukuni

Mjukuu wangu Sumaili,

Nakusalimu. Huku Mikelenge, mtaani kwetu Kindu, tu wazima, na dada yako amevuna mpunga. Unauliza kama uliache libaki hilo "Samuel" wanalokuandikia huko badala ya Sumaili, kwa kuwa umechoka kuwarekebisha.

Wakati wa Wabelgiji, karani aliniandika "Samweli" katika buku la kitambulisho, nami nikanyamaza. Siku moja niliitwa niende Lokandu kwa mama: alikuwa mahututi. Bandarini polisi alilifungua buku langu, na meli ilikuwa imeshapiga honi.

"Samweli njo wewe?"

Ningekana kwamba ndiye mimi, ningebaki. "Njo mimi, shefu."

"Na hii kofia ya Kiislamu njo ya nani, Samweli?"

"Ya babu yangu."

Alicheka, akanipisha.

Niliivua kofia ile, nikakaa kichwa wazi safari nzima. Jina langu pia lilikuwa la babu huyo, baba yake mama. Ndiyo maana mama aliniita "baba" tangu utotoni. Nilimkuta hawezi tena kufungua macho.

"Iko nani?"

"Njo Sumaili."

"Baba, umefika," akasema, akanishika mkono.

Niliporudi Kindu, nilikwenda kwa karani na buku langu, aandike Sumaili, kabla ya kufika nyumbani.

Babu na somo yako,
Sumaili