Tangi la Samaki wa Matumbawe

Jumanne, 1 Juni 1965

Kopo la maji ya chumvi nililolijaribu limeota kutu tena, mpaka mdomoni. Basi karai la bati la shule halitufai. Tangi litakuwa la kioo. Nimemweleza Bi. Zuhura, mwalimu wetu wa sayansi, naye amekubali. Kaka yake, dereva wa lori, atatuletea kutoka Malindi samaki wawili wadogo, jiwe la matumbawe lililo hai, na pipa moja la maji ya bahari. Moja tu. Askari wanaosindikiza malori hawaruhusu zaidi. Samaki wakifa, hatupati wengine.

Vifaa vyote nachagua mimi. Mimi!

Alhamisi, 3 Juni

Mutua, mtoto wa karani wa boma, amenicheka mbele ya darasa.

"Sahara, nyinyi wafugaji hata samaki hamli. Utamlea vipi? Utamfunga kengele kama ngamia?"

"Ndiyo maana nimepewa mimi. Wewe ungemkaanga."

Darasa zima likacheka. Mutua pia.

Fundi amekata vioo vya madirisha ya zamani, akavitia kwenye fremu ya mbao na kuziba pembe kwa lami. Tumejaza maji ya mto. Hayavuji, tumeyamwaga.

Jumamosi, 5 Juni

Shida ya hewa. Kitabu kinasema pampu ya umeme. Umeme hapa ni wa ofisi za serikali, na jenereta huzimwa. Pampu ya baiskeli? Nani ataipiga usiku kucha, na kafyu hii?

Nimepata. Aabo, baba yangu, anauza ng'ombe na anawajua madereva wote. Ameniletea mpira wa ndani wa gurudumu la lori, wenye viraka. Nimeujaza upepo, nikauunganisha na mrija mwembamba wa zahanati, nikaubana mrija kwa kibanio cha nguo. Hewa inatoka kidogo kidogo. Mapovu madogo, mazuri.

Wazo hili sikulisoma popote. Nimelifikiria mwenyewe.

Kwa chumvi nimechagua kipimo cha maziwa, kile kinachoelea, ambacho wachuuzi wa maziwa wanakiogopa kwa sababu kinafichua maziwa yaliyotiwa maji. Ofisi ya mifugo imetuazima. Jua likikausha maji, chumvi itazidi na kipimo kitapanda. Hapo nitaongeza maji ya mvua. Bi. Zuhura alisema, "Umefikiri vizuri, mwanangu." Nimefurahi mno.

Jumanne, 8 Juni

Malori hayajafika. Wanasema waasi wa shifta wamefyatulia risasi lori la mbele. Njia imefungwa. Hakuna anayejua nani ameumia.

Bi. Zuhura amefundisha kama kawaida, lakini chaki ilimvunjika mara nyingi. Naona aibu kwamba niliwawazia samaki kwanza, kabla ya kaka yake.

Alhamisi, 10 Juni

Siku mbaya. Naandika yote.

Malori yamefika asubuhi. Kaka yake Bi. Zuhura ni mzima, alhamdulillahi. Samaki wazima pia, ndani ya pipa la mbao pamoja na jiwe la matumbawe, lakini wanahema juu juu. Tukakimbilia tangi.

Hooyo, mama yangu, alikuwa amesimama kando yake, amevaa guntiino yake ya sikukuu. Hajawahi kukanyaga shule. Alikuja kunisaidia. Nyumbani hakuna maziwa yanayotiwa chomboni kabla ya chombo kufukizwa kwa kijinga cha moto. Moshi unasafisha, unatia harufu nzuri. Basi Hooyo alitia makaa ndani ya tangi na kulifunika kwa kitambaa. Alitaka wageni wangu wapate chombo safi.

Lami imeyeyuka. Pembe imeachia. Kioo kinanuka moshi.

Nilimpigia kelele. Mama yangu, mbele ya watu. Alikunja kitambaa chake akaenda nyumbani.

Mutua alisema, "Haya, daktari wa samaki, sasa?" Lakini hakuwa anacheka.

Nimeamua wabaki kwenye pipa. Mrija wa hewa nimeutia humo humo. Mpira ukipungua, unajazwa. Bi. Zuhura, anayekaa pale pale shuleni, atauangalia usiku. Mutua amejaza upepo mpaka shati likaloa.

Nyumbani nimemwomba Hooyo radhi. Ameniwekea chakula.

Ijumaa, 11 Juni

Wazima! Wote wawili. Hawahemi tena juu juu.

Fundi amebandua lami yote na kutia nyingine. Nimesugua kioo kwa majivu, nikakisuuza, nikanusa, nikasuuza tena. Tunaiacha lami ikauke. Wavulana wanapokezana pampu bila kuambiwa. Leo hakuna aliyetaja ngamia.

Jumapili, 13 Juni

Tumewahamisha leo. Matumbawe katikati, samaki wakayazunguka, kisha wakajificha chini yake. Mmoja ana mistari ya manjano. Maji yametulia.

Mchana Hooyo alikuja. Sikumwita. Alikaa sakafuni mbele ya kioo, akawatazama kama anavyomtazama ndama aliyezaliwa usiku. Aliniuliza hewa inatoka wapi. Nikamwonyesha mpira, mrija, kibanio. Akauliza kwa nini moshi ni mbaya kwao. Nikamweleza kwamba maji ndiyo wanayoyavuta, kama sisi tunavyovuta upepo.

Kisha akasogea, akanipa nafasi nikae karibu naye.

"Niambie tena," alisema. "Polepole."