Kiti cha Kutazama Nyuma

Mama Kijino,

Huku tunaendelea, na mtoto wetu ameota jino la tano. Leo nimerudi dukani mara ya tatu kwa ajili ya kiti chake cha gari. Seremala mzima mimi, viti ndiyo kazi yangu, lakini hiki kimoja kidogo kimenitoa jasho.

Vipo viwili: kile kizito kimetulia, ila hakibebeki safarini. Chepesi kinageuzwa mbele na nyuma, na hata kwenye ndege kinaingia. Muuzaji, mama mmoja mpole, akaniambia, "Mtoto bado mdogo. Mkalishe akitazama nyuma."

"Ataona nini huko?"

"Ataona kiti tu, baba. Lakini ukifunga breki, shingo yake itasalimika."

Nikavuta mikanda ya kile chepesi tena na tena, hadi akauliza kama mtoto amewahi kuumia. Nikamuuliza bei.

Mwezi uliopita mbwa alikatiza barabara, nikafunga breki ghafla. Mama yako, anayenisaidia kulea, alikuwa amempakata mtoto mbele. Mtoto akamponyoka, akagonga dashibodi. Alishonwa nyuzi nne juu ya jicho. Daktari amesema yuko salama, na anacheza kama kawaida. Mama yako alinisihi nisikuambie hadi umalize mitihani huko chuoni. Nilikubali upesi, maana ilinifaa.

Nimechukua chepesi. Jumamosi tunakuja, naye atatazama nyuma njia nzima, alie asilie. Kovu utaliona mara tu nikimshusha, ndiyo maana nimeandika.

Nigombeze mimi, ila mama yako mwache. Tangu siku ile hataki kumbeba mtoto.

Ni mimi mumeo,
Baba Kijino