Sungura wa Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Agosti

Daktari wa mgongo kasema niandike. Kila siku: umeanza kuuma saa ngapi, nilikuwa nafanya nini. Haya. Umeanza saa tatu asubuhi. Nilikuwa nashona marinda. Saa sita bado unauma, bado nashona marinda. Miaka ishirini na miwili nashona sare za shule, nisingekuwa na jibu jingine. Shule zinafunguliwa tarehe mosi Septemba. Sketi zimerundikana hadi kwenye kiti cha wateja.

Daftari ni la Chiriku, binti yetu wa mwisho. Kaandika kurasa nne, kalichoka. Daktari akilitaka nitamwandikia jingine. Hili langu.

Mama mkwe yuko nasi wiki ya pili. Alianguka kwenye ngazi za kwake, mke wangu akaenda kumleta. Chumba tumempa, hakitaki — kukaa chumbani peke yako ni ugonjwa, anasema. Kwa hiyo anakaa huku mbele kwenye chumba cha kazi, kona ya dirishani, kapu la mabaki ya vitambaa miguuni. Anakata, anaunga. Na mkasi wangu mzuri! Ni mama mkwe.

Jumatano, 6 Agosti

Mgongo: saa mbili na nusu. Kola.

Mama kamaliza kitu chake. Sungura, nadhani. Sikio moja linafika miguuni, la pili kama kidole gumba. Jicho moja kifungo cha shati, jingine kifungo cha koti la mzee. Kavaa kaptura ya shule ya msingi, na mfuko wake uko tumboni.

Nikamuuliza kwa adabu zote, "Mama, huyu ni mnyama gani?"

"Mwulize mwenyewe. Sikio analo."

Nimecheka peke yangu juu ya cherehani hadi uzi ukakatika. Sikumbuki lini nilicheka nikiwa kazini. Chiriku kalala naye mchana, kamshika kwa lile sikio refu kama kamba ya mbuzi.

Jumamosi, 9 Agosti

Leo koti. La Chiriku. Mabaki ya shule nne: buluu, kijani, kijivu na damu ya mzee. Mkono mmoja unaishia kwenye kiwiko, wa pili unafunika vidole. Nyuma lina mkia! Ndani lina mifuko saba, mingine midogo, haingii hata shilingi. Nikauliza ya nini. Mama kasema mtoto ana mambo mengi ya kuficha kuliko mtu mzima, ila hakuna anayemshonea mahali pa kuyaweka.

Nilitaka kusema ule mkono ni mfupi. Nikameza.

Chiriku kaenda nalo dukani kununua sabuni. Kaondoka mmoja, karudi na watoto watano nyuma yake, kila mmoja anataka kuuvuta mkia. Sabuni kasahau.

Jumanne, 12 Agosti

Mgeni. Mwanamke wa makamo, miwani mikubwa kama visahani — Chiriku keshampa jina, Bi Miwani. Ana duka la vitu vya watoto upande wa pili wa mji: midoli, nguo, vyote vya kushonwa na kuchongwa kwa mkono, hakuna cha kiwandani. Alimwona Chiriku na koti lake jana hospitalini, alipomfuata mama yake kazini (mke wangu anafua mashuka ya wodi). Akaulizia hadi akafika.

Aliligeuza lile koti ndani nje, nje ndani. Halafu akakaa chini, sakafuni kabisa, kati ya vipande vya nyuzi! Kasema miaka sita anazunguka kutafuta. Watu wanamletea vitu safi, vimenyooka, vinapendeza, na mtoto anavichezea siku moja. Hiki hapa, kasema, mtu hawezi kukaa chini akakipanga.

Anataka makoti ishirini na wanyama ishirini. Mama kasema hashoni vinavyofanana. Bi Miwani kajibu, "Mama, vikifanana sivichukui."

Wamepeana mikono. Mimi sikuulizwa. Mimi ni wa marinda.

Ijumaa, 15 Agosti

Nilidhani nitasaidia. Kazi ni nyingi, Mama ni mmoja. Nikakata koti upogo kwa makusudi. Mkono mmoja mfupi, mfuko mgongoni, mkia kama wa ng'ombe. Jasho! Mkono wangu unataka mstari. Nikiupeleka kushoto unarudi wenyewe.

Bi Miwani kapita kuangalia, kayatandika makoti sita mezani, langu katikati. Kalitoa langu bila hata kulishika mara mbili. "Hili ni la nani? Linajitahidi."

Linajitahidi! Nimelifumua. Nimeshonea mto wa sindano.

Jumamosi, 16 Agosti

Niandike hili kabla sijajuta. Leo kaja mwalimu anayesimamia sare wa ile shule kubwa, shule yenye nusu ya kazi zangu zote. Anataka tuandikiane mwaka mwingine. Nikamwambia hapana. Nimechoka, mwalimu. Akadhani natania. Nikamwambia tena.

Nilishapiga hesabu kichwani. Bi Miwani anataka vitu kila mwezi. Mama anashona kwa mkono, mimi nikate bitana, nitie zipu, nipige pasi. Nilale mchana kama binadamu. Sijamwambia mke wangu bado. Kafika kutoka kazini na miguu imevimba, kakaa, kavua kiatu kimoja, kasinzia na cha pili mguuni.

Jumatatu, 18 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilikuwa napiga pasi, Mama yuko konani, Chiriku karibu yake. Kila siku kabla ya kwenda kucheza Chiriku anamtungia nyuzi kwenye sindano ishirini, anazichomeka kwenye mto wa sindano zikae tayari. Nilidhani ni mchezo wao. Mama akasema, "Nipe ya uzi mwekundu." Chiriku — mjukuu mtundu huyo — akampa ya kijani, huku akinikonyeza. Mama akashona mdomo wa paka kwa kijani. Akaumaliza. Akauinua dirishani, akasema, "Wekundu huu unapendeza."

Chiriku alikuwa anacheka. Mimi pasi ilikuwa inaunguza sketi.

Nikaangalia vizuri sasa. Mkasi anautafuta kwa kiganja, anapapasa meza kama mtu anayefuta vumbi. Mkono wa koti anaupima kwa shibiri, na kitambaa kikiisha kimeisha, hajui kimeishia wapi. Lile sikio refu. Vifungo visivyofanana. Zile ngazi alizoanguka — kwake mwenyewe, ngazi alizopanda miaka arobaini!

Nikamtuma Chiriku nje. Mama akaweka sindano chini.

"Umejua," akasema.

"Nimejua, Mama. Tangu lini?"

"Kidogo kidogo. Mwaka wa tatu huu. Wewe nakujua kwa kikohozi chako. Mwanangu kwa ndala zake." Akapapasa kapu. "Usimwambie, baba. Atalia, na akilia yeye nitalia mimi, na kulia ndiyo kazi pekee haya macho yanayoiweza bado."

Nikasema sawa. Kwa mama mkwe unasema sawa. Mgongo sikumbuki.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimemwambia mke wangu. Siku tatu nimevumilia, sikuweza zaidi. Kalia kwanza, kisha kaacha kulia kanigeukia mimi. Siku tatu! Unamwangalia mama yangu anapapasa mkasi siku tatu, unapiga pasi! Halafu nikaona nimalizie yote kwa mpigo, nikamwambia na ya shule kubwa. Kaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Leo kampeleka Mama hospitali, anafahamiana na muuguzi wa macho. Mtoto wa jicho, yote mawili. Ni jambo dogo, daktari kasema, wanapasua jicho moja, baada ya miezi la pili. Kuna nafasi Alhamisi ijayo, mtu kaahirisha. Ikipita hiyo ni kusubiri hadi mwakani.

Mama hataki. "Nimelea tisa, sasa wa kumi yuko jichoni. Mwacheni alale." Wauguzi wamecheka. Mke wangu hakucheka.

Ijumaa, 22 Agosti

Bi Miwani kaja kuchukua wanyama wanane. Kuna tembo mwenye mkonga unaotokea kisogoni, kakaa naye mapajani muda mrefu. Nikaona si haki kumficha. Nikamweleza.

Kavua miwani, kaifuta kwa pindo la gauni. Kasema bila shaka Mama atibiwe, ni lazima, hilo halina mjadala. Kisha kwenye mlango, sauti ya chini, bila kuniangalia: "Na akishaona... ataendelea hivi hivi?"

Nilimchukia. Kisha nikajichukia mimi, maana swali hilo nimelala nalo siku nne. Shule kubwa nimeiacha. Mwalimu wa sare keshampata fundi mwingine, nimesikia. Na mama mkwe wangu haoni, na kutoona kwake ndiko kungenipumzisha mgongo. Nimeandika. Ndivyo ilivyo.

Jumatatu, 25 Agosti

Mke wangu kambembeleza, kamkaripia, kambembeleza tena. Shemeji wamepiga simu watatu kwa zamu. Mama ni mwamba. Mchana tukabaki wawili, mimi na sketi, yeye na kapu. Nikajua linakuja.

"Wewe hujasema neno, baba."

"Wameshasema wengi, Mama."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe. Yule mwanamke wa duka anapenda vitu vyangu. Watoto wanavipenda. Mtu mzee kama mimi, siku hizi naamka nina haraka. Macho yakifunguka, nitashona hivi?"

Angeuliza hivyo mtu mwingine ningemdanganya. Ningesema ndiyo, utashona vizuri zaidi. Au ningekaa kimya tu. Kimya kilitosha! Alhamisi ingepita, nafasi ingekwenda kwa mwingine, hakuna ambaye angenilaumu. Niliuona mlango huo uko wazi kabisa. Nilisimama hapo, niseme kweli, muda wa kushona rinda zima.

"Sijui, Mama," nikasema. "Labda hutashona hivi. Lakini juzi umeweka kikombe cha chai hewani, pembeni ya meza. Kikavunjika mguuni mwa Chiriku. Nenda."

Akapapasa kitambaa. "Alikatwa?"

"Kidogo. Alikuficha."

Jioni mke wangu akarudi. Kabla hajavua hata kiatu, Mama kamwambia amtafutie gauni la kwendea hospitali, lile lenye kola.

Alhamisi, 28 Agosti

Wamempasua saa nne. Salama. Mke wangu yuko naye. Mimi nimemaliza sketi za mwisho, zimechukuliwa. Chumba kimekuwa kikubwa ghafla. Mgongo unauma hata bila kazi — daktari ajue na hilo.

Ijumaa, 29 Agosti

Wamemfungua bandeji. Tulikuwa wote watatu mbele ya kitanda. Alimwangalia Chiriku kwanza, akamhesabu meno. Mapengo mawili. Akamwangalia mwanawe, akamvuta, wakalia, kama alivyosema. Halafu mimi. Kaniangalia sana. Nikarekebisha shati.

"Baba," akasema, "umechoka hivi tangu lini?"

Muuguzi alikuwepo, watu wa vitanda vingine walikuwepo. Nikasema ni mwanga wa dirisha, Mama. Nikatoka nje kutafuta maji ya kunywa. Nilikuwa nayo mkononi.

Jumatano, 3 Septemba

Shule zimefunguliwa. Watoto wanapita mbele ya mlango na sketi zangu, marinda yamenyooka kama rula. Mama haruhusiwi kuinama wala kushika sindano hadi Jumamosi. Anakaa na dawa yake ya matone, anasoma kwa sauti kila kitu: maboksi, kopo la unga, tangazo la fundi bomba kwenye nguzo. Makoti matatu yaliyobaki yako kabatini. Hajaomba kuyaona. Hakuna aliyempa.

Bi Miwani kapiga simu. Anauliza hali. Anauliza hali mara mbili.

Jumamosi, 6 Septemba

Kayatoa mwenyewe. Nimeamka nimekuta makoti matatu, paka na kondoo vimepangwa kwenye meza ya kukatia, Mama kasimama mbele yake, mikono nyuma, kama mwalimu kwenye madaftari. Kaufuata mdomo wa kijani kwa kidole. "Kumbe," akasema. Basi. Sikujua ni kumbe ya namna gani.

Saa nne Bi Miwani kafika, eti alikuwa anapita tu. Hapa hapapitiki, ni mwisho wa njia. Mke wangu kampa chai. Mama kamsalimia, kamwangalia uso, kamwambia ni mzuri kuliko sauti yake. Kisha kachukua kitambaa kizima, si mabaki, kile cha kijani nilichobakisha kwenye jora. Katunga uzi mwenyewe. Mara moja tu, uzi umeingia! Halafu kaja hadi kwenye cherehani yangu, kanisimamia.

"Ondoka hapo."

"Mama, natia zipu —"

"Zipu itakaa. Nenda kalale."

Hajawahi kuigusa cherehani hii tangu aje. Mke wangu kanitandikia mkeka hapa hapa, nyuma ya meza ya kukatia, maana mgongo haufiki chumbani. Nimelala chali, daftari limekaa tumboni. Kutoka hapa naona miguu ya meza, ndala za Mama kwenye kanyagio, viatu vya Bi Miwani ncha kwa ncha. Cherehani inakwenda. Miaka ishirini na miwili, sijawahi kuisikia kutokea chini. Inakwenda taratibu, inasimama, inakwenda.

Bi Miwani kainama, naona uso wake chini ya meza. Ananionyesha kwa mkono: inuka, uone anachoshona, uniambie unaonaje. Chiriku naye anacheka huko juu, au anashangaa, sijui.

Siinuki.